Pamba Ndani ya Mkebe wa Pini

Baba yangu, fundi wa nguo na wa mifuko midogo,

Mara nyingi uliniuliza ilikuwaje siku ile juu ya Magara, na kila mara nilikujibu kwa ufupi: ulizidiwa, nikakupa sukari, watu wakaja. Ukawa unatikisa kichwa na kurudi kwenye cherehani yako. Unanijua, mdomo wangu huchelewa. Kwenye karatasi nina nafuu kidogo. Kwa hiyo leo nakusimulia yote, pamoja na ile sehemu ambayo wewe hukuwepo ingawa ulikuwa umekaa mbele yangu.

Ilianza na kitabu. Nilikipata kwenye maktaba ya lise, shule yetu ya sekondari, cha Kifaransa, kimepoteza jalada, kinaeleza jinsi mtu anavyoweza kubeba mfukoni vitu vya kumwokoa akipotea porini. Nilikisoma wakati wa mapumziko, nyuma ya darasa, wenzangu wakicheza mpira. Mtu anaweza kuwa na moto, maji, samaki na njia ya kuita msaada, vyote ndani ya mkebe usiozidi kiganja. Nilisoma ukurasa huo hadi kengele ikanipita. Nilikileta nyumbani nikiogopa utacheka. Hukucheka. Uliweka mkasi chini, ukafuta mikono kwenye mapaja, ukasema, "Nitafsirie. Polepole."

Kisha ukamwaga pini zako zote mezani na kunipa mkebe wake, ule bapa wenye kifuniko cha bawaba. Ukaupima kwa utepe kama unavyopima kifua cha bwana harusi.

"Mteja wetu mwembamba huyu," ulisema. "Tutambana."

Sijui kama ulitambua jinsi nilivyokuwa nakutazama jioni zile. Ulizungusha mshipi wa samaki kwenye kijiti hadi ukawa kama kifungo cha koti. Ndoano ulizichomeka kwenye kipande cha sufi zisitoboe kitu. Uzi uliupitisha kwenye nta mara kadhaa, ukanipa niuvute, nikauvuta kwa nguvu zangu zote na haukukatika. Ulikata kioo kutoka kwenye kile cha kujaribia nguo kilichovunjika, ukasugua kingo zake kwa jiwe, ukazishonea utepe mweusi. Vijiti vya kibiriti tulivichovya kwenye mshumaa kimoja kimoja. Kila kitu kilipoingia, ulitikisa mkebe sikioni. Ukisikia mlio ulifungua na kupanga upya. Mkebe ulionyamaza kabisa ndio uliokuridhisha.

"Na chakula?" uliniuliza.

"Kitabu kinasema chakula ni cha mwisho, Baba. Mtu anaweza kukaa siku nyingi bila kula."

"Aliyeandika hivyo alikuwa ameshiba."

Tulicheka, lakini nilikishikilia kitabu changu, nawe ukaniachia.

Ilibaki pamba tu. Pamba iliyopakwa mafuta ya mgando hushika moto hata penye unyevu, na wewe ulikuwa nayo tele, ile ya kujazia mabega ya makoti. Tulikuwa tumepanga kuujaribu mkebe kwa safari ya kweli: kushuka kwenye gari Magara, kisha kupanda kwa miguu njia ya mlimani hadi Bugarama, kwenye kilima alikozaliwa Bibi, mama yako. Asubuhi ya safari ulinituma barabarani nikasimamishe gari. Nilikuwa nimeacha nafasi kwenye mkebe, na pamba ilikuwa mezani, kando yake. Nikiwa mlangoni nikamwambia Bibi, "Bibi, nitilie pamba ndani ya mkebe ule."

"Ego," akaitikia.

Niliporudi, mkebe ulikuwa umeshafungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Nikautia mfukoni.

Ulikuwa umejidunga sindano yako ya kisukari ya asubuhi na kunywa chai isiyo na sukari. Ulisema utakula Magara. Magara tulikuta wavuvi wamerudi, wachuuzi wanagombania ndagala, akina mama wanapiga kelele juu ya bei, na wewe ulikuwa na haraka kama mtoto. "Tutakula kwa ndugu zake Bibi," ulisema, ukaanza kupanda.

Njia ilipita kwenye michikichi, kisha kwenye mihogo, kisha kwenye nyasi tupu. Tulipogeuka, ziwa lilikuwa limesimama chini yetu kama ukuta wa buluu. Sikuwahi kuliona hivyo. Nimezaliwa pembeni yake, nimefua nguo ndani yake, lakini kutoka kule juu mitumbwi ilikuwa midogo kuliko pini zako, na milima ya Kongo ilionekana ng'ambo kana kwamba mtu ameichora na kuanza kuifuta. Ulivua kofia. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizowahi kukaa na mtu.

Tuliendelea. Ukawa unapunguza mwendo. Kisha ukakaa kwenye nyasi na kuanza kupapasa kuzunguka miguu yako.

"Mkasi wangu uko wapi? Mteja anasubiri."

Nilidhani ni utani. Nikacheka peke yangu. Lakini shati lako lilikuwa limelowa jasho, na upepo pale ulikuwa wa baridi. Mikono yako, ile inayotunga uzi bila kutazama, ilikuwa inatetemeka. Nikakuita. Ukageuka upande mwingine, kama aliyeitwa na mtu aliye mbali.

Baba, niliogopa hadi masikio yakaziba. Hapakuwa na mtu njiani. Nilifungua mkebe nikitaka pamba, niwashe moto, watu waone moshi. Pamba haikuwemo. Mahali pake palikuwa na fundo la mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na sukari na karanga chache za kukaanga.

Nilikaa nikilitazama lile fundo. Ndipo nikaelewa. Bibi alizaliwa na Kirundi, Kiswahili alikikuta mjini alipoolewa. Mimi nilisema pamba, masikio yake yakasikia impamba, na impamba kwa Kirundi ni chakula cha njiani, kile ambacho mama hawezi kukubali mtoto atoke bila kukibeba. Alitafuta kitakachoenea kwenye mkebe wa pini, akapata. Nilimkasirikia sana. Nilisema kwa sauti, peke yangu mlimani, "Bibi, umeniharibia."

Halafu nikakutazama tena.

Unakumbuka sukari ilivyokuwa nyumbani kwetu. Bibi aliificha juu ya kabati nyuma ya masufuria, usiione wewe mwanawe, na mimi nilikua nikijua kwamba sukari ndiyo itakayokuua. Lakini mimi husoma chochote. Nilishasoma kile kikaratasi chembamba kilichokunjwa ndani ya boksi la dawa yako. Kilisema kwamba dawa ikiwa nyingi kuliko chakula, sukari ya mwilini hushuka, mtu hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, na apewe kitu chenye sukari upesi. Nilijua hayo. Ila kuyajua ukiwa umelala kitandani na kuyajua ukiwa umeshika kidevu cha baba yako ni mambo mawili. Kama nilikuwa nimesoma vibaya, kama neno moja la Kifaransa lilinipotea, ningekuwa nimekuua kwa mkono wangu, na sukari yenyewe imetoka kwa mama yako.

Niliiloweka kwa maji kwenye kifuniko cha chupa yetu. Nikakupaka ndani ya shavu kwa kidole, kidogo, nikangoja umeze, nikakupaka tena. Ulikuwa unaongea. Maneno uliyosema nitayaandika mwisho, kwa sababu mkono wangu bado hauyawezi.

Sukari ikaisha na wewe bado hukuwa umerudi. Nikachukua kioo. Kwenye mteremko wa pili, ng'ambo ya bonde, palikuwa na mwanamke analima. Nililishika jua na kumrushia. Mwanga ulienda ukipapatika kwenye migomba, nikausogeza, ukamfikia. Alinyanyua jembe.

"Wewe mutoto! Unatuchoma macho huku, umekosa kazi?"

Nikamrushia tena.

"Endelea! Nakuja na fimbo!"

Ilibidi niseme. Mimi, ambaye mwalimu huja hadi dawatini kusikia jibu langu. Nilifungua mdomo ikatoka pumzi tu. Mara ya pili ikatoka sauti ambayo sikuijua, nene, ya mtu mwingine, ikagonga upande wa pili wa bonde na kunirudia: "Baba iko mugonjwa! Baba yangu iko mugonjwa!" Nililia neno hilo hilo hata baada ya yule mama kutupa jembe na kuanza kuwaita wenzake.

Nyuma yangu mtu akasema, "Nani anapiga kelele hivyo?"

Nikageuka. Ulikuwa unanitazama. Nasema unanitazama, Baba, macho yalikuwa na mwenyewe ndani.

"Ni mimi, Baba."

"Wewe?" ukasema, ukastaajabu kweli, kana kwamba kuzidiwa mlimani ni jambo la kawaida ila hilo la mimi kupiga kelele lilihitaji maelezo.

Nimesoma vitabu vingi kwa umri wangu na sijakuta mahali palipoeleza nilichokiona. Kijiko kimoja cha kitu cheupe, kinachonunuliwa kwenye kila kibanda cha mji wetu wa Rumonge, kilimrudisha mtu mzima na jina lake, na utani wake, na jinsi anavyokunja uso akiona jua. Uliondoka wewe wote, ukarudi wewe wote. Nilikupa karanga moja moja na kila ulipotafuna nilikuwa nahesabu kuwa ni muujiza.

Wakaja wanaume wanne na yule mama, wanakimbia, na ingobyi mabegani, kile kitanda cha kusuka cha kubebea wagonjwa kwenye milima isiyofika gari. Wakakukuta umekaa unatafuna.

"Amahoro, muzee. Mugonjwa iko wapi?"

"Ni mimi. Lakini nimepona."

Wakatazamana. Mkubwa wao akaweka ingobyi chini. "Panda."

"Ndugu yangu, nakwambia nimepona. Nitatembea."

"Tumekimbia kilima chote. Turudi nayo tupu, wanawake watucheke? Panda tu, muzee, ulale vizuri."

"Hata kama ni muzima," akaongeza yule mama, "utaugua kesho, utakuwa umeshabebwa." Kisha akanigeukia mimi. "Nilizani ni batoto ya shule banacheza. Fimbo nilikuwa nayo kweli, iko pale imeanguka."

Ukapanda, umekunja mikono kifuani kama bwana harusi mwenye haya. Walikubeba kwa zamu, wakipokezana bila kusimama, na kila nyumba tuliyopita alitoka mtu akatia bega bila kuuliza wewe ni wa kabila gani wala wa dini gani. Mimi nilifuata nyuma nikiwa nimekumbatia kofia yako. Kwenye kituo cha afya walikupima, wakasema upewe chakula na upumzike, na wale wanaume hawakuondoka hadi walipokuona unakula. Ulitaka kuwapa kitu wakakataa. Ukawashukuru, "murakoze, murakoze," hadi sauti ikakauka.

Nyumbani Bibi alisikiliza yote, kisha akauliza, "Nani anabeba pamba safarini? Pamba inaliwa?" Na kwako akasema kwa ukali, "Sukari ile ilikuwa ya mutoto. Wewe sikukuwekea."

Sasa umetutoka, si kwa mlima, bali kwa homa, kitandani kwako, sisi wote tukiwa karibu. Tulipogawa nguo zako Mama aliingiza mkono kwenye koti akakuta kijifuko ndani ya mshono, na ndani yake kifundo cha sukari. Kwenye kanzu, kingine. Kwenye kila vazi ulikuwa umeshona mahali pa kurudia. Bibi alivikusanya vyote mapajani mwake, akakaa navyo mchana kutwa. Tangu hapo ameacha kuficha sukari. Iko mezani, wazi, na mimi nikipita naiangalia kama watu wengine wanavyoangalia nyota.

Watu huniambia nisikufikirie sana, nisome. Nasoma, Baba. Lakini nikifikiria siku ile sihuzuniki kama wanavyodhani. Nashangaa tu kwamba nilipewa wewe mara mbili.

Yamebaki yale maneno. Ilikuwa kabla sukari haijafanya kazi, ninakufuta jasho kwa mtandio wangu. Ulinitazama kwa muda, kwa adabu, kama unavyomtazama mteja mgeni. Ukaniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Niliendelea kukufuta. Ukaona nalia, ukanipigapiga mkono, na ukasema polepole, "Usilie. Ukifika nyumbani mwambie baba yako amelea vizuri."

Kila uliponiuliza ilikuwaje, ujumbe huo ulikuwa mdomoni mwangu nikauona mkubwa mno. Sikuona namna ya kuufikisha kwa mtu yule yule aliyeutuma. Leo nimeweza.

Baba, kuna mtu nilikutana naye juu ya Magara. Alikuwa mgonjwa na hakunifahamu, lakini alikuwa mwema kwangu. Anakusalimu. Anasema umelea vizuri.

Binti yako