Mawe ya Wachelewaji

Jumamosi. Mvua imekatika alfajiri, na ziwa limeamka kijani kuliko shamba.

Kijani hicho si cha heri. Ni magugu maji. Tangu yalipoingia ghubani, mashua ya kutuvusha kutoka ng'ambo yetu kwenda Mwanza mjini haina saa. Injini inazimwa, vijana wanachukua mapanga, wanakata njia, tunasogea kidogo, tunasimama tena. Mjukuu wangu Koku anaondoka nyumbani gizani, na bado anafika shuleni wenzake wamekwisha kutoka mstarini.

Leo nimeshinda. Naliandika hilo mapema, lisije likazama katika maelezo yangu marefu.

Shule yake ni mojawapo ya hizi za watu binafsi zilizochipuka tangu serikali ilipolegeza kamba. Siilaumu. Bila hiyo Koku asingepata nafasi ya sekondari popote. Lakini ina sheria yake. Majina huitwa mstarini, asubuhi, mara moja tu. Usipoitika, hukuhudhuria, hata ukikaa darasani mpaka jioni. Na asiyefikisha mahudhurio yanayotakiwa, alama zake za kazi za mwaka hazipelekwi Baraza la Mitihani. Anaingia mtihani wa kidato cha nne mikono mitupu.

Mchelewaji ana adhabu pia. Hupanda kilima kilicho nyuma ya shule, akateremsha jiwe, ndipo aende darasani. Katika mji huu mawe hayaishi.

Leo kilikuwa kikao cha wazazi. Mkuu wa shule, mtu mchangamfu na mwenye bidii, alianza kwa habari njema.

"Wazazi, msingi wa maabara umekamilika! Na hatukununua jiwe hata moja. Wachelewaji wamebeba yote."

Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Kisha akasoma majina ya wanafunzi ambao alama zao hazitapelekwa kwa sababu ya utoro. Koku alikuwa miongoni mwao.

Nakiri kwamba karibu ningenyamaza. Nimeishi huku tangu vita vilipotuondoa Kagera, na mtu aliyehama hujifunza kukaa nyuma ya kikao na kuafiki. Wenyeji ni watu wema, lakini mgeni ni mgeni. Ila nilikumbuka shamba letu la migomba. Vita vilipokwisha, siku wenye mashamba walipoitwa kuandikishwa, mimi nilikuwa huku, sina hata nauli ya meli. Likaandikwa kuwa halina mwenyewe. Migomba ile niliipanda kwa mikono yangu.

Nikasimama.

"Mwalimu, naomba unieleweshe. Hawa uliowasoma, ndio waliobeba mawe?"

"Ndio hao hao, bibi. Ndio wasumbufu wetu."

"Na siku walipoyabeba, walikuwa shuleni au hawakuwapo?"

Akaanza kuipekua orodha yake.

Nyuma yangu alikaa mama mmoja, muuza samaki wa Mwaloni, ambaye jina la mwanawe pia lilisomwa. Sauti yake imezoea kushindana na soko zima.

"Jibu swali la bibi, Mwalimu! Au msingi umejengwa na mizimu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkuu wa shule alijitahidi kukunja uso, akashindwa. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, naye akacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa kwenye jiwe alilolileta mwenyewe.

Simlaumu. Alipanga adhabu akiwa na hakika kuwa watoto wapo, akapanga mahudhurio akiwa na hakika kuwa hawapo, na hakuna aliyewahi kumwekea mambo hayo mawili mezani pamoja.

Akatamka mbele yetu sote: aliyebeba jiwe alikuwapo. Alama zao zitapelekwa zote. Na kuanzia Jumatatu majina yataitwa tena darasani, baada ya kipindi cha kwanza.

Makofi ya mara hii nilikaa nikayasikiliza tu, kama mtu anayeota moto baada ya kunyeshewa. Tulipokuwa tukitoka, mkuu wa shule alinijia mlangoni, akainama kidogo. "Shikamoo, bibi." Marahaba yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Koku alinisubiri langoni. Habari ilikuwa imenitangulia. Alinikumbatia mbele ya wenzake, jambo ambalo hajalifanya tangu aingie kidato cha kwanza. Kisha, tukiwa njiani, uso ukamshuka.

"Bibi, sasa kemia itanibidi nisome kweli."

Nilicheka mpaka nikasimama barabarani. Kumbe utoro wa mstarini ulikuwa umempa na kisingizio!

Kikao nimekishinda mimi. Mtihani ni wake, na huko sitaruhusiwa kunyoosha mkono.

Kesho sitampikisha wala kumtuma maji. Nitachota mwenyewe, na nitamwachia meza asomee.