Mkanda wa Goti la Mama

Kaka, shikamoo.

Hapana, mama hajafunga saluni kama ulivyomshauri. Goti lililolika bado linamuuma, sikufichi, lakini daktari amesema upasuaji unaweza kusubiri akivaa mkanda wa goti. Mwanzoni aliona haya, akauficha uvunguni. Kwa kuwa nimemaliza shule na nashinda naye, sasa namfunga mkanda huo mimi mwenyewe kila asubuhi.

Jana alisimama wima akimsuka bibi harusi mpaka mwisho. Mteja mmoja akauona mkanda, akamtania, “Shoga, umesajiliwa timu gani?”

“Timu ya mabingwa,” mama akajibu. “Wewe kaa benchi, zamu yako inakuja!”

Saluni nzima ikacheka. Nami, unavyonijua na aibu zangu, nikapaza sauti: “Huyo ndiye mama yangu!”

Tafadhali usimwambie tena afunge. Mpigie umpongeze.

Ni mimi, kitindamimba wenu.