Jiko la Sauna la Baba

Jumatatu, 3 Juni
Aune, mteja wangu, kaja tena ofisini. Mkunga mstaafu, mgongo wima, macho makavu. Mdogo wake, Veijo, aling'oa jiko la kuni kwenye sauna, chumba cha kuogea mvuke cha nyumba yao ya ziwani, jiko ambalo baba yao alilichomelea kwa mkono wake, akaweka la umeme. Bila kumwuliza! Miaka mitatu hawasemeshani. Sasa Aune anataka mahakama iuze nyumba nzima, kila mtu achukue chake.
Nikamshauri tujaribu usuluhishi kwanza. Akakubali shingo upande, kwa sharti niongee mimi. Kuongea? Hapo kapata mtu.

Alhamisi, 6 Juni
Usuluhishi, mahakamani mjini Kuopio. Jaji Lempinen akamimina kahawa, akauliza kila mmoja anataka nini hasa. Kimya. Watu wetu wakinyamaza, wananyamaza kweli. Nikashindwa kuvumilia — nikaanza: hisa, tathmini, vifungu. Jaji akanisogezea mkate wa iliki.
"Kula, wakili."
Uso ukaniwaka. Nikala. Kimya kikaendelea. Nikala wa pili. Ndipo Veijo, macho kwenye kikombe, akasema mgongo wake umekwisha, kuni hawezi kupasua tena.
"Ungeniambia," Aune akasema. "Ningepasua mimi."
"Ndiyo maana sikukuambia."
Basi, tukaahirisha. Njiani aibu ikanishika. Nimeandika kurasa na kurasa kuhusu thamani ya kiwanja, na sijawahi kumwuliza mteja wangu lile jiko lilikuwa nini kwake.

Ijumaa, 7 Juni
Nimempigia Aune. Nikauliza, nikafunga mdomo. Mimi! Baba yao hakuwa mtu wa maneno, kumbe. Alimfundisha Aune kuwasha moto pale, na pale tu ndipo alipowahi kumsifu. Nyumba hataki kuiuza hata kidogo. Nikaandika pendekezo fupi: nyumba ibaki, na anayetaka kubadilisha kitu amwulize mwenzake kwanza. Naipenda kazi hii leo.

Jumamosi, 15 Juni
Ziwani, kusaini. Mbu balaa. Holopainen, wakili wa Veijo, kaja na viatu vya ngozi vinavyong'aa, maskini.
Veijo kamfungulia dada yake banda. Jiko la baba limo! Kalifunika turubai, kalipaka mafuta lisishike kutu. Aune kaligusa. Alishaapa hataoga joto la umeme maisha yake — kachukua taulo, kaingia sauna. Veijo naye nyuma yake.
Wamo bado. Naandika hapa ngazini, soseji zinaiva, makubaliano yako mezani, hayajasainiwa. Holopainen anatazama saa, anauliza kama tukawagongee. Nimempa soseji.
"Kula, wakili."
Maji yamelia kwenye mawe ya moto ya jiko. Kisha Aune, sauti wazi kabisa:
"Jiko la hovyo hili. Ongeza maji, mdogo wangu."