Suruali ya Maganga

Jumanne, 4 Agosti 1953. Temeke.
Kanzu mbili zimekwisha. Ya tatu bado shingo, na cherehani inakata uzi tena. Mchana dereva wa lori kaniletea salamu kibarazani kutoka Chunya. Maganga anaumwa kifua, ananitaka. "Kasema, mwambie Mzaramo yule mvivu aje upesi, mie simngoji." Matusi yale yale. Maganga ni Mnyamwezi, mtani wangu. Tulipanga nyumba moja hapa Temeke kabla hajakimbilia dhahabu. Dhahabu imekwisha, wenzake wameondoka, yeye kabaki. Nitamleta hospitali ya hapa. Nimemkatia suruali ya kaki. Vipimo vyake navijua kwa kichwa.

Alhamisi, 6 Agosti.
Garimoshi. Vumbi. Maandazi ya mke wangu yamekwisha kabla ya Morogoro. Napanga matusi ya kumwamkia Maganga.

Jumapili, 9 Agosti. Chunya.
Lori limenishusha asubuhi. Mji gani huu! Maduka yamepigiliwa mbao, mashimo kila mahali, mbuzi wamelala ndani ya baa ya Wazungu. Waliobaki wanaosha mchanga uleule uliooshwa zamani. Mke wa Maganga, Nyamizi, alinipokea mzigo akaangalia pembeni. Nikajua.

Maganga amekwisha, kabaki mifupa. Ni lile vumbi la mawe alilovuta miaka yote. Alivaa suruali niliyomshonea akiwa amekaa kitandani. Kiunoni mle wangeingia watu wawili kama yeye. Nikamwuliza, "Mwili huu umeuazima kwa nani, mwizi we?" Akacheka mpaka akakohoa damu. Najuta.

Jumatatu, 10 Agosti.
Nimepata lori la Jumatano. Amekataa kupanda. Nimekasirika, nimemwita mjinga mbele ya mkewe. Anasema hakuniita nimpeleke hospitali. Watani wake wote wamehama mji huu. "Nizikwe kimya kama mbwa? Mzaramo, kazi yako unaijua."

Naijua. Mtani huvaa nguo za marehemu, humwigiza, huwachekesha wafiwa hapo hapo kaburini. Ujanani tulibishana kila siku nani atamzika mwenzake. Lakini ule ulikuwa mchezo. Nimemwambia siwezi. Akageukia ukutani, hakula.

Jumatano, 12 Agosti.
Lori limeondoka, sikupanda. Nimeutukana ukoo wake kutwa nzima. Zamani angenirudishia na riba. Leo alitabasamu tu, na jioni hata kutabasamu hakuweza. Naogopa.

Alhamisi, 13 Agosti.
Amekufa alfajiri.

Ijumaa, 14 Agosti.
Tulimzika jana jioni. Watu wachache, na kimya kibaya. Nyamizi hakuwa ametoa chozi tangu asubuhi. Alinitazama. Nikaingia ndani, nikavaa ile suruali, nikaikaza kwa kamba. Nikachukua karai lake la kuoshea mchanga. Nikatoka nachechemea kama yeye, jicho moja nimelifumba kama alivyozoea akikagua mchanga. Nikachuchumaa ukingoni mwa kaburi, nikachota udongo wake, nikauchekecha.

"Hamna kitu humu! Mnyamwezi mzima, hata chembe ya dhahabu!"

Mzee mmoja akaguna, kisha akacheka. Wote wakacheka. Nyamizi alicheka huku amejishika tumbo, halafu akaanguka chini akalia. Wanawake wakamshika. Mimi niliendelea mpaka kaburi likajaa udongo. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Asubuhi hii Nyamizi kaniambia, "Shemeji, suruali ni yako sasa. Ndivyo alivyotaka."

Ijumaa, 21 Agosti. Temeke.
Kanzu ya tatu imekwisha. Mwenyewe kaichukua, kalalamika shingo inambana. Suruali nimeifua mwenyewe. Maji yalitoka mekundu kwa udongo wa kule. Imeanikwa uani. Mke wangu anauliza kwa nini siipunguzi kiuno nikaivaa. Nimemwambia aiache.

Miaka yote tulibishana nani atamzika mwenzake. Nimeshinda mimi, na wa kumtambia hayupo.