Ushauri Niliompa Shija

Jumatatu, 3 Septemba 1951

Nimesafisha plagi za lori la pamba. Masizi matupu. Nikamwambia dereva: ukiona moshi mweusi nyuma, ujue gari linakunywa petroli kupita kiasi, usingoje lizime porini. Akashukuru. Wote hushukuru. Wenye magari mji huu ni wachache na karibu wote hupita bandani kwangu, nyuma ya soko, kuuliza. Linakohoa. Linachemka. Linavuta kushoto. Nawajibu bure. Nilifundishwa bure jeshini, kule Burma, nami natoa bure.

Leo amekuja Shija. Amenunua gari. Boksibodi la kijani, lenye sanduku la mizigo nyuma, kuukuu, la Mzungu mmoja wa mgodini Geita aliyerudi kwao.

Shija mnunuzi wa pamba. Shija aliyemwoa Nyamizi, mke wangu, nikiwa vitani. Kwao Nyamizi walisikia nimekufa. Ng'ombe wa mahari wakarudishwa kwa baba yangu, mambo yakamalizwa kwa taratibu zote. Niliporudi nikiwa hai kila mtu aliona haya isipokuwa yeye. Alinikumbatia.

Leo pia amenikumbatia. "Fundi, ndugu yangu, mimi gari silijui hata kidogo. Wewe ndiye macho yangu."

Nimesema, "Vizuri." Namchukia.

Alhamisi, 6 Septemba

Gari la Shija limegoma sokoni. Nimeitwa. Kufungua boneti tu nimeona: kichwa cha betri kimeota unga mweupe, waya unacheza. Kazi ya kukwangua kwa kisu na kukaza nati.

Nikamwambia lisukumwe. Asukume yeye mwenyewe, mimi nishike usukani, maana injini hii inataka mtu anayeijua. Alikuwa amevaa suti nyeupe. Amesukuma kuanzia kwa wauza dagaa mpaka karibu na stesheni, jua la saa saba. Kila lilipotaka kuwaka nilikanyaga klachi. Wanawake wa sokoni walicheka mpaka wakashika mbavu.

Alipokwenda kuomba maji ya kunywa nikakaza waya. Likawaka.

"Mikono yako ina dawa," akasema. Suti yote jasho na vumbi.

Raha kama hii sijaipata tangu nirudi.

Jumanne, 11 Septemba

Kiangazi kikali. Magari yote yanachemka. Nimewaambia madereva wawili leo asubuhi: injini iliyochemka huachwa ipoe. Kifuniko cha rejeta hakiguswi. Ikishapoa, unatia maji kidogo kidogo huku inaunguruma.

Mchana akaja Shija na swali hilo hilo. Nikamwambia: ikichemka usichelewe, fungua kifuniko, mwaga maji ya baridi, mengi, kwa mpigo mmoja.

Akarudia maneno yangu kwa sauti ili asisahau.

Jumamosi, 15 Septemba

Amefanya. Njia ya Tinde. Mvuke umemuunguza mkono na kifua, na kichwa cha injini kimepasuka. Gari limeletwa likivutwa na ng'ombe wa mkulima mmoja, watoto wakilizomea.

Shija mwenyewe alikuja nyuma, kwa miguu, mkono umefungwa kitambaa.

"Nilichelewa kumwaga, fundi. Uliniambia nisichelewe."

Nilimpa kigoda akae. Nikampa pole. Alipoondoka nilicheka peke yangu. Nikaacha.

Jumatano, 19 Septemba

Nimepata kichwa kingine cha injini kutoka gari lililokufa. Nimekifunga vizuri. Kazi mbaya siiwezi hata kwa mtu ninayemchukia. Injini sasa inaimba.

Nikiwa chini ya gari nimeshika gurudumu la mbele nikalitikisa. Limecheza kama jino bovu. Tairodi imelika. Kile chuma kinachoshika magurudumu ya mbele yafuate usukani, kiungo chake kimeisha kabisa, kimebaki kushikiliwa na kutu na grisi kavu. Siku kikichomoka, usukani utazunguka mkononi na gari litakwenda linakotaka.

Kipuri ninacho. Kimo ndani ya kopo rafuni.

Nimetoka chini ya gari nikanawa mikono.

Jumatatu, 24 Septemba

Shija amekuja kuuliza. Si mjinga kama ninavyomfanya. Anasema usukani unacheza, akienda mbio gari linatikisa kichwa.

"Ni hatari?"

Nilikuwa na neno mdomoni. Naandika ukweli, lilikuwa mdomoni.

"Barabara mbovu," nikasema. "Matuta ya kiangazi. Jaza upepo zaidi tairi za mbele."

Nikamjazia mwenyewe. Ameniambia atasafiri mbali wiki hii. Biashara. Alikuwa na furaha kama mtoto.

Nataka afe? Ndiyo. Nimejiuliza mara mbili na jibu ni lile lile.

Jumanne, 25 Septemba

Nyamizi amekuja bandani. Tangu nirudi hajawahi kukanyaga hapa. Amenenepa kidogo. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Lile gari lina nini?" akaniuliza. "Nilipanda Jumapili. Sikulipenda."

Kwake sikuweza kusema uongo. Sijui kwa nini. Nikamwambia yote: kiungo kimekwisha, kitachomoka, kikichomoka kwenye mwendo gari litaua. Nikamwambia kipuri hiki hapa, nikamwonyesha kopo. Alete gari leo, jua halijazama nitakuwa nimemaliza. Nilisema kama mtu anayeomba.

Alilitazama kopo. Halafu akasema, "Unajua anakwenda wapi?"

"Biashara."

"Katoro. Anakwenda kuoa. Ng'ombe wameshapelekwa tangu mavuno. Mimi nimeambiwa na wauza maziwa."

Nikangoja.

"Mwache aende," akasema.

"Nyamizi."

"Wewe ulinyamaza kwa ajili yako. Nyamaza sasa kwa ajili yangu."

Akaondoka. Hakusema kwaheri. Nilidhani nikimwambia mtu mmoja nitakuwa nimetua mzigo. Sasa tumeubeba wawili na ni mzito zaidi.

Alhamisi, 27 Septemba

Shija ameondoka asubuhi. Alipita kwangu kuaga. Shati jipya, kofia mpya. Nyuma amepakia vitenge, sukari na blanketi la mama mkwe.

Aliacha injini ikiunguruma akashuka. "Fundi, safari ndefu hii. Nishauri."

Nikamshauri. Tazama maji kila asubuhi injini ikiwa baridi. Pima oili. Pampu ya petroli ikipata joto gari likazima, ifunike kwa kitambaa chenye maji na usubiri. Ukishuka mtelemko tia gia ndogo, usitegemee breki. Yote kweli. Sijawahi kumpa ushauri mzuri kama ule. Kuhusu usukani sikusema neno.

"Mungu akuweke," akaniambia.

Nimefanya kazi hovyo siku nzima. Nimefunga nati ya baiskeli mpaka nikaikata.

Ijumaa, 28 Septemba

Hakuna habari.

Jumapili, 30 Septemba

Hakuna habari. Dereva wa lori aliyetoka Ushirombo amesema aliliona boksibodi la kijani njiani, likienda vizuri, mwenyewe anaimba. Limefika, basi.

Nimekaa juu ya ndoo nikiwaza jambo ambalo sikuliwaza. Kwenda alikwenda peke yake. Kurudi atarudi na mtu.

Nilijua. Nyamizi aliponitajia kuoa nilijua. Nilikuwa sitaki tu kuona msichana amekaa kiti cha mbele. Sasa namwona na hana sura.

Jumatatu, 1 Oktoba

Nimekwenda mpaka njia panda ya kwenda Tinde na kile kipuri na spana mfukoni. Nimesimama juani. Nikasema akipita nitamsimamisha, nitamwambia nimeota, nitamwambia lolote, nitalala chini ya gari hapo hapo barabarani. Yamepita malori. Wamepita wachunga ng'ombe. Walinisalimia na kuniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Hakupita. Nikarudi. Mwendo wa kurudi nikajicheka. Mtu mzima na chuma mfukoni.

Kesho sitakwenda. Nina kazi.

Jumanne, 2 Oktoba

Alipita leo.

Jumatano, 3 Oktoba

Jana sikuweza kuandika zaidi.

Mchana nilikuwa na lori la pamba juu ya jeki. Akaja askari kwa baiskeli. Gari limepinduka upande huu wa Tinde, mtelemko wa korongo kavu, fundi anatakiwa na minyororo. Nikashusha lori, tukaenda nalo.

Shija alikuwa amekaa chini ya mti wa miiba, mkono umevunjika, damu ya puani imekauka. Hai. Aliponiona akaanza kulia. "Usukani ulikataa, fundi. Niliuzungusha, ukakataa."

Msichana alikuwa upande wa pili, amefunikwa kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na karatasi ya dukani. Miguu ilionekana. Alikuwa amepaka mafuta. Kiatu kimoja kimevaliwa, kingine sikukiona. Jina lake Mbuke. Nimelijua kwa sababu Shija alikuwa akiliita.

Nililala chini ya gari nikatazama. Chuma kimechomoka pale pale nilipojua. Askari akauliza nini kimeharibika. Nikasema barabara. Akaandika barabara.

Alhamisi, 4 Oktoba

Wamemzika nyumbani kwa Shija. Bibi harusi ambaye hakulala nyumba ile hata mara moja.

Nyamizi ndiye aliyepika, ndiye aliyewapokea wanawake, ndiye aliyelia kuliko wote. Nilimkuta nyuma ya jiko akiosha masufuria. Hakuna mtu mwingine.

"Nilisema umwache yeye," akasema, hajainua uso. "Sikusema mtoto wa watu."

"Ulijua atarudi naye."

"Na wewe ulijua. Tena wewe ndiwe fundi."

 Alimwaga maji machafu karibu sana na miguu yangu, nadhani kwa makusudi. Nilikuwa nimemtamani mwanamke huyu miaka yote. Leo nilimtazama nikaona sura yangu mwenyewe. Sitaki kumwona tena.

Jumatatu, 8 Oktoba

Nimekwenda kumwona Shija hospitali. Watu walitegemea niende. Kitandani kwake kulikuwa na wanunuzi wenzake wawili wenye magari. Alikuwa anawasimulia.

"Kila alichonishauri huyu ni sahihi. Kosa langu mimi, nilikwenda mbio ili nimwonyeshe msichana. Nyie msikilizeni fundi. Msifanye kama mimi."

Mmoja akaniuliza hapo hapo, mbele ya mgonjwa, kwa nini breki zake zinapiga kelele. Nikamweleza. Nilisikia sauti yangu ikieleza vizuri, kwa upole, kama ya mtu mwema.

Shija alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima. Hakutaka kuniachia.

Alhamisi, 11 Oktoba

Silali.  Sijamwambia mtu. Sitamwambia mtu. Nikisema, wataninyonga au hawataniamini, na la pili naliogopa zaidi.

Jumapili, 21 Oktoba

Asubuhi, mawingu ya kwanza ya mvua. Sikuwa na kazi.

Amekuja mzee mmoja kwa miguu, na fimbo ya kuchungia. Vumbi mpaka magotini. Alinisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, nikaitikia. Kisha nikamwamkia kwa Kiswahili, shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Akasema anaitwa Malale, anatoka Katoro, ni baba wa Mbuke. Ametoka kuona kaburi. Sasa anataka kuona gari.

Lipo hapa bandani, ubavu umebonyea. Nikampeleka. Alilizunguka polepole kama anayetazama ng'ombe mgonjwa.

"Alikaa wapi?"

Nikamwonyesha. Mlango wa upande ule haufunguki vizuri, nikauvuta kwa nguvu. Akaniomba aingie. Nikamsaidia kupanda. Akakaa kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti, akatazama mbele kupitia kioo kilichopasuka. Mbele yake ni ukuta wangu tu, na mikanda ya injini imetundikwa.

"Hajawahi kupanda gari," akasema. "Alifurahi sana siku ile. Alitupungia mkono mpaka wakapotea."

Nilisimama pembeni.

Akauliza, "Mwanangu, wewe unayajua magari. Hili lilishikwa na nini?"

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu, naye alikuwa mtu wa kuambiwa. Nilifungua mdomo.

"Barabara, baba," nikasema. "Barabara ni mbovu."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema kweli, amepita kwa miguu, ameiona. Kisha akaniomba maji, nikamletea kwenye kikombe changu, akanywa yote akiwa amekaa pale pale. Matone ya mvua yakaanza kupiga bati. Nikamwambia angoje ipite. Akasema atangoja kidogo, kama hanisumbui kukaa pale.

Hunisumbui, nikamwambia.

Nikavuta kigoda nikakaa mlangoni, mgongo nimempa. Mvua ikanyesha.