Bakuli la Nassoro

Mama,

Uji uko kwenye chupa. Nassoro kaleta bakuli jingine la korosho, usilirudishe. La juzi ulilirudisha na vitumbua ndani kwa sababu eti chombo cha mtu hakirudi kitupu. Leo asubuhi kanifuata hadi dukani akitamba, "Mama mkwe keshanikubali!" Nimemwambia sitaki, kama kila siku.

Jana polisi waliniuliza kama amenipiga. Nikasema bado. Wakasema akinipiga nirudi.

~~Leo nalala kwa shangazi Msimbati.~~ Leo nalala kwa yule unayemjua. Karatasi hii itie jikoni iungue.

Akipiga hodi, usiitike karibu. Najua utaona aibu. Leo tu, Mama, mkosee mtu adabu.

Mwanao mwenye mdomo,
Somoe