Jina la Charo kwenye Websaiti ya Kuzikana

Bondeni, Mombasa

Mama yangu,

Nakuamkia, mama. Nakuamkia nikiwa nimekaa juu ya ndoo nyuma ya hoteli, vyombo nimeshaosha, mwenye hoteli ameenda kuswali. Goti lako limepoa? Na yule mbuzi aliyekuwa hataki kula, alikula? Mie mzima wa mwili. Chakula napata, pa kulala napata. Kadzo, dada yangu, msomee mama yote, usiruke hata pale utakapoona nimekosa.

Mama, kaa chini kwanza. Nakwambia mapema ili usisubiri mpaka mwisho wa karatasi. Hakuna mtu aliyesema ndugu yangu Charo amekufa. Hakuna aliyeuona mwili. Yale maneno ambayo Baba mdogo alikuonyesha kwenye simu, niliyaandika mie.

Nilipiga simu juzi nikwambie. Ukasema, "Kahindi? Kahindi, mbona husemi?" Nikawasikia kuku nyuma yako, nikakata. Ndiyo nikampigia Kadzo, nikamwambia amzuie tu Baba mdogo asiendelee na matanga mpaka barua hii ifike. Kuandika naweza. Kusema nikiwa nakusikia unapumua, siwezi.

Nilikwambia nimepata kozi ya bure kule Buxton, ya vijana, ya mchana. Hawakujali kwamba niliishia darasa la sita, walitaka tu mtu anayejua kusoma. Tunafunzwa kutengeneza websaiti, zile kurasa mtu akifungua kwenye simu anaona mambo ya duka au ya shule. Mwalimu wetu ni Bi Zuhura. Alitugawa watatu watatu. Mie niliwekwa na Swaleh, kijana wa Mji wa Kale, mdomo wake haulali, na Mutheu, msichana wa Kikamba ambaye baba yake alikuja huku kwa kazi ya reli. Swaleh anaandika yale maandishi ya kompyuta. Mutheu anapanga rangi na picha. Mie sikujua niseme najua nini.

Swaleh akasema, "Yakhe, weye utajaribu. Kila tukimaliza kitu, kijaze. Kikikushinda weye, kitamshinda kila mtu."

Mutheu akampiga kofi la begani. Lakini haikuniuma. Ilikuwa kweli, na kazi yenyewe niliipenda. Ni kazi ya kuangalia.

Tulipewa kutengeneza websaiti ya chama cha kuzikana, kile cha watu wa kwetu walioko Mombasa. Katibu wake ni Mama Dama, unamjua, yule aliyeolewa karibu na shule na sasa yuko ofisini bandarini. Alitaka mwanachama akifiwa, jina la marehemu litokee kwenye simu za wote mara moja, asipige simu mtu mmoja mmoja.

Siku ambayo Swaleh alimaliza fomu ya tangazo, akanisukumia laptopu. Kulikuwa na viboksi vinne: jina, picha, kijiji, siku ya kufariki.

"Niandike jina gani?"

"Lolote! Hata la paka wenu! Bora n'one kama yakubali."

Akaenda zake kununua maji. Mama, nilikaa na vidole juu. Watu wote ninaowajua wako hai, nikaogopa kumtia mtu hai kwenye fomu ya maiti. La baba sikutaka, baba amelala tumwache. Vidole vikaandika Charo. Charo Mwaringa. Kwa sababu ni yeye peke yake ambaye sikujua nimuweke upande upi.

Picha niliweka ile aliyonitumia kutoka Arabuni, amevaa kofia ya ulinzi, anacheka upande mmoja wa mdomo. Kijiji nikaandika chetu. Kwenye siku ya kufariki nikaweka ile siku aliyopiga mara ya mwisho, aliposema chaji inamwishia, atapiga kesho. Fomu ikakubali. Ikaandika juu ya kichwa chake, Tunasikitika kuwatangazia. Nikafuta kabla Swaleh hajarudi.

Kesho yake nafungua, yuko.

Nikafuta. Nikaangalia mara mbili kwamba ameondoka. Siku ya tatu, saa nane mchana, feni inazunguka, watu wanataniana, nafungua: Charo. Na sasa picha yake imezungukwa na mpaka mweusi, na jina la kijiji limeandikwa vizuri kuliko nilivyoandika. Mie sikuweka mpaka wowote, mama, na sikuthubutu kumfuta tena.

Wajua tulivyolelewa. Nilijua ni yeye. Kwanza nilidhani amekasirika nimemzika bila kumuuliza. Halafu likanijia jingine, kwamba anarudi kuniambia ile siku niliyoweka ndiyo yenyewe. Hilo la pili ndilo lililonitesa. Nikiosha sahani, lile cheko lake liko ndani ya maji. Na huku Ganjoni, ninakopeleka chakula cha watu wa maofisini, kila geti la gorofa lina mlinzi mwenye kofia. Nikawa nachungulia chini ya kila kofia. Mmoja akaniuliza, "We kijana, umepotelewa na nani?" Nikakimbia na sufuria mkononi.

Darasani nako kulibadilika. Mutheu aliniletea mahamri mawili bila sababu. Swaleh aliacha kunitania kabisa. Nikasema basi, hawa wameona kitu juu yangu ambacho mie sikioni.

Ndipo akaja Mama Dama kuangalia kazi. Tulikuwa tumeshaiweka wazi ili wanachama waijaribu, na yeye alikuwa ameshaifungua kwenye simu yake. Akaja moja kwa moja kwangu, akanishika mikono yote miwili, macho yamejaa. "Pole sana mwanangu. Pole sana."

Mama, sijui nikwambieje. Nikasema, "Asante."

Mtu mzima anakupa pole mbele ya watu, unamwambia nini? Nilikuwa na neno lingine kooni, likachelewa. Asante ikatoka. Na kwa hiyo asante yangu aliwatumia wanachama wote, na mmoja wao akamtumia Baba mdogo, na Baba mdogo akaja kwako na simu mkononi. Kadzo ameniambia mikeka ilitandikwa, wanawake wakaja kulia, na wewe hukulia, uliuliza tu nani aliuona mwili. Halafu ukanipigia mie. "Wewe uko hukohuko. Nenda kawaulize, nani aliuona mwili wa mwanangu?" Nikasema, "Sawa mama, nitauliza." Nilisema nitauliza, na mtu wa kuulizwa nilikuwa mie.

Lakini hata hiyo haikunifungua mdomo. Ni Kadzo. Alinipigia, akasema umeitungua neti ya kitanda cha Charo. Umeikunja, umeitia sandukuni. Ile neti uliyokuwa ukiiteremsha kila magharibi tangu aondoke, kama mtu yumo ndani. Nilisikia hivyo nimesimama kwenye ngazi za darasa, nikakaa palepale.

Siku hiyo Bi Zuhura alikuwa ametaka kila kundi lijitayarishe kusimama mbele ya wengine na kusema mradi umelifunza nini. Tukakaa watatu. Swaleh akaandika la kwake, Mutheu la kwake. "Na weye, Kahindi, wasemaje?"

Nikauliza, "Nani anamrudisha ndugu yangu?"

Mutheu akaiweka kalamu chini.

Swaleh akasema polepole, "Ni mimi n'lomrudisha."

"Wewe?"

"Kila kinoandikwa kwenye fomu chajiweka chenyewe kwenye flashi yangu. Nikifungua flashi namuona, nikifungua websaiti hayuko. N'kasema ah, Kahindi amebonyeza vibaya, amemfuta nduguye. N'kaona haya kukwambia. N'kawa n'namrudisha kimyakimya, usije ukaumia."

Mutheu akaanza kulia. "Na mpaka niliuweka mimi. Niliona jina la baba yenu ni moja. Nikataka akae vizuri."

Nikawaambia hajafa. Nikawaambia sijui kama hajafa. Nikawaambia lilikuwa jina la kujaribia tu.

"Mbona hamkuniuliza?"

"Mtu amefiwa, n'tamuuliza nini?" Swaleh akasema. "Nawe mbona hukusema?"

Mama, siku zile zote nilizokuwa namwogopa Charo, ilikuwa ni hawa wawili wananionea huruma.

Tulimpigia Mama Dama hapohapo. Alipiga kelele mpaka Swaleh akaiweka simu mezani. "Nilikupa pole, ukaniitikia asante! Asante ya nini, Kahindi? Asante ya kumuua nduguyo?" Halafu akatulia, akawaandikia wanachama kwamba tangazo halikuwa la kweli. Baba mdogo naye atakuwa ameshalipata.

Siku ya kusema mbele ya wengine nilisimama. Mie, mama, mbele ya watu thelathini. Nikasema, "Tulinyamaziana." Nikakaa. Hawakucheka. Swaleh akamalizia yaliyobaki, kwamba sasa kazi inakaa mahali pamoja, si kila mtu na yake mfukoni, na anayefuta au kurudisha kitu lazima aseme. Majina ya kujaribia sasa ni mboga, Bwana Mchicha na Bi Bamia. Hapo ndipo wakacheka. Na kwenye fomu tumeongeza kiboksi cha tano, cha mtu wa nyumbani wa kupigiwa kabla jina halijatoka. Hicho niliomba mie.

Mama, sikwambii Charo yuko hai. Nikisema hivyo nitakuwa nimekudanganya mara ya pili. Nakwambia tu kwamba hakuna aliyejua zaidi ya tulivyojua siku zote. Neti ile, ukitaka kuitungika tena, itungike. Usipotaka, nitakuelewa, lakini iwe ni moyo wako umetaka, isiwe ni vidole vyangu. Nikija nitapiga magoti mbele yako na mbele ya Baba mdogo, na hao wanawake waliokuja kulia nitawazungukia nyumba kwa nyumba.

Nisalimie Baba mdogo, mwambie hasira zake ni haki yake. Nisalimie bibi, umpigie kelele sikioni ndipo asikie. Nisalimie shangazi wa kisimani aliyeleta mikeka, na shemeji yangu, mume wa Kadzo, na watoto wao wote wawili. Wewe nakusalimia mwisho kwa sababu nataka ubaki na salamu zangu.

Mwanao aliyekukosea,
Kahindi

Nimeongeza hapa chini kwa sababu ya picha iliyo ndani ya bahasha. Ni ile ya Charo, Swaleh ameichapa kwenye karatasi nzito, bila yale maneno. Ulikuwa hujamuona na kofia. Mutheu aliukata ule mpaka mweusi kwa makasi, ila upande wa kushoto haukukatwa sawa, utaona kamstari keusi kamebaki. Nilitaka kukaondoa, nikashika makasi, nikaacha. Nikikata zaidi nitamkata bega.